Maziwa ya ladha yenye mafuta kidogo: yapi yanastahili pesa yako Mombasa

Anayesimama mbele ya friji ya supamaketi kule Nyali, au ya duka la mtaani Majengo, aghalabu huichukua pakiti ya maziwa ya chokoleti iliyoandikwa kuwa ina mafuta kidogo akiamini kwamba amechagua kinywaji chepesi. Mwongozo huu unazipanga aina za maziwa hayo kwa kipimo kimoja kikuu, nacho ni sukari iliyoongezwa, kwa sababu katika maziwa ya ladha suala la mafuta ni dogo kuliko linavyotangazwa.

Jedwali za lishe za Wizara ya Kilimo ya Marekani zinalionyesha jambo hilo waziwazi. Kikombe kimoja cha maziwa matupu yasiyopunguzwa mafuta kina takriban kilokalori 149 na gramu 8 za mafuta. Kikombe hichohicho cha maziwa matupu yenye mafuta ya asilimia 1 kina kilokalori 102 hivi na mafuta yasiyozidi gramu 2 na nusu. Ukija kwenye maziwa ya chokoleti yenye mafuta ya asilimia 1, mafuta yamebaki pale pale, lakini nishati imepanda hadi karibu kilokalori 158, na sukari imeruka kutoka gramu 12 hadi kama gramu 25. Kwa hiyo aliyeyakimbia mafuta ameishia na nishati ileile, pengine na ziada kidogo, na tofauti ni kwamba sasa anaipata kwa sukari. Haki yake kinywaji hiki nacho kipewe: protini ni gramu 8 katika vikombe vyote vitatu, na kalsiamu inakaribia miligramu 300, kiasi ambacho soda haina hata kidogo.

Sukari yote ya maziwa si ya kulaumiwa. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, laktosi, ambayo ni takriban gramu 5 katika kila mililita 100, na Shirika la Afya Duniani haliihesabu katika sukari linayotaka ipunguzwe. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2015 unapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 25 hivi, yaani vijiko sita vya chai. Hapo ndipo hesabu ya dukani inapoanzia. Tazama lebo upande wa nyuma, tafuta sukari kwa kila mililita 100, kisha utoe 5. Lebo ikisema gramu 10, basi zilizoongezwa ni kama 5, na pakiti ya mililita 250 itakuwa imekupa gramu 12 na nusu, nusu ya kiwango cha siku nzima kabla hujaigusa chai ya maziwa wala mahamri. Uangalie pia kipimo chenyewe kilichotumika, kwa maana baadhi ya lebo hutaja kiasi cha gilasi moja ya mililita 200 ilhali pakiti uliyoishika ni ya mililita 500, na wengi wetu huinywa yote kwa mkao mmoja.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa pakiti ya maziwa matupu yenye mafuta kidogo, ladha ukaitia mwenyewe nyumbani. Najua huo ni ujanja kidogo katika mwongozo wa maziwa ya ladha, lakini hakuna chaguo jingine linaloyashinda. Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa kutia iliki, tangawizi au zafarani katika maziwa, na viungo hivyo havina sukari ya kuhesabika. Anayetaka chokoleti na achukue kijiko kimoja cha chai cha unga wa kakao usiotiwa sukari na kijiko kimoja cha sukari, ambacho ni gramu 4, auvuruge unga kwanza kwa maziwa kidogo ya moto ili usifanye madonge, ndipo amiminie yaliyobaki. Anayetaka tende azisage, akikumbuka kwamba tende moja ndogo ina sukari ya gramu 4 hadi 5. Ukisaga tatu umerudi ulikotoka, ijapokuwa utakuwa umepata nyuzinyuzi kidogo.

Nafasi ya pili ni ya maziwa ya ladha ya dukani yenye sukari isiyozidi gramu 7 au 8 kwa kila mililita 100, protini isiyopungua gramu 3, na ambayo katika orodha ya viambato yanaanza na maziwa. Ukiona yametiwa vitamini A na D, hiyo ni sifa ya kweli, kwa sababu vitamini hizo hukaa ndani ya mafuta na huondoka nayo yanapopunguzwa. Baina ya chokoleti, vanila na stroberi hakuna tofauti kubwa ya lishe. Hata hivyo, rangi ya waridi ya stroberi mara nyingine hutokana na E120, ambayo hupatikana kwa kidudu, na kwa mnunuzi anayejali halali inafaa kuitafuta namba hiyo au muhuri wa halali kabla ya kulipa.

Yenye gramu 9 au 10 na zaidi nayaweka ya tatu: yafaa siku ya matembezi Mama Ngina, hayafai kuwekwa kwenye mkoba wa shule kila asubuhi. Yaliyotiwa vitamu visivyo sukari, kama sukralosi, yatapungua nishati, ila Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2023 kwamba vitamu hivyo visitegemewe katika kudhibiti uzito, ushauri usiowahusu watu ambao tayari wana kisukari.

Nafasi ya mwisho ni ya vinywaji vinavyofanana na maziwa bila kuwa maziwa kamili. Vinakaa rafu moja, pakiti zake zina picha ya ng'ombe yuleyule, na bei huwa ya chini kidogo, lakini orodha ya viambato inaanza na maji, ikafuata sukari, ndipo unga wa maziwa. Protini ikiwa gramu 1 kwa mililita 100, unanunua maji matamu yenye rangi. Bei huwa nafuu kwa macho tu. Ukiigawa kwa gramu za protini utakuta ndiyo ghali kuliko zote.

Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe lolote kati ya haya, kwani umri huo unahitaji mafuta ya maziwa na hauhitaji sukari ya kuongezwa. Mtu mzima ambaye tumbo humjaa gesi akinywa maziwa ajaribu maziwa lala yasiyotiwa sukari, kwa kuwa bakteria huwa wamekwisha kula sehemu ya laktosi.

Juu ya uhifadhi, joto letu halina huruma. Maziwa ya muda mrefu, yaliyochemshwa kwa joto kali sana kwa sekunde chache, hukaa nje ya friji mradi pakiti haijafunguliwa, na protini na kalsiamu yake ni ileile. Ikishafunguliwa, inahitaji friji kama maziwa mengine. Baina ya chupa inayopitisha mwanga na pakiti ya karatasi, chagua pakiti, hasa dukani ambako chupa zimepangwa dirishani zikipigwa jua, kwa sababu vitamini B2 huharibiwa na mwanga.