Kliniki ya kugandisha mayai kabla ya kemo, nimewapa nyota nne

Naandika hii kwa dada yeyote aliyeambiwa ana kansa ya titi na bado anatamani kuzaa, maana siku zile kila mtu anaongelea uvimbe tu, upasuaji lini, kemo (zile dawa kali za kuua kansa) lini, habari ya kizazi hakuna anayeigusa mpaka wewe mwenyewe ufungue mdomo. Mimi nilimuuliza dokta wangu wa kansa waziwazi hizi dawa zitanifanyaje kwenye ovari, akaniambia zipo kama cyclophosphamide zinaua mayai na umri ukishasogea hatari inazidi, basi akaniandikia barua niende kliniki ya uzazi kabla ya dripu ya kwanza.

Huduma yenyewe ni nzuri jamani. Nilidhani lazima nisubiri period, kumbe wanakuanzishia sindano siku yoyote ya mzunguko na shughuli nzima inaisha kwenye wiki 2 hivi. Kansa yangu ni ile inayolishwa na homoni, hapo ndo nilipoogopa, sindano za kukuza mayai si ndo kumwagia moto mafuta? Wakanipa na letrozole, vidonge vya kuizuia estrojeni isipande wakati mayai yanakua, alafu dokta wao akampigia simu dokta wangu mimi nimekaa palepale nasikia. Imani yangu yote waliipata hapo.

Nesi wa sindano apewe maua yake. Alinifundisha hivi, finya nyama ya tumbo chini ya kitovu, ingiza taratibu, usichomoe haraka, leo kulia kesho kushoto, na hakuniachia mpaka alipoona mkono umeacha kutetemeka. Siku ya kutoa mayai wanakulaza kwa dawa, sindano inapita ukeni wakiangalia kwa ultrasaundi, ukiamka tumbo limejaa gesi na linauma uma, pumzika tu.

Kingine nilichopenda hawakunidanganya, walisema mayai kwenye friza sio ahadi ya mtoto, na ile goserelin ya kila wiki 4 ya kulaza ovari wakati wa kemo ni nyongeza tu, haichukui nafasi ya kugandisha. Na hata period ikikata kwenye kemo mimba inaweza kuingia, kwa hiyo kondomu au kitanzi cha shaba, njia za homoni hapana. Uke ukikauka kuna vilainishi vya maji visivyo na homoni, msione aibu kuuliza.

Nikauliza na tamoxifen je, vile vidonge vya kuzuia homoni isilishe kansa, miaka 5 mpaka 10 nameza nitazaa lini sasa? Wakanieleza utafiti wa POSITIVE uliotoka 2023, wanawake wa miaka 42 kushuka chini walisimamisha dawa za kuzuia homoni baada ya kuzitumia miezi 18 hadi 30 wakatafuta mtoto, na kwa kipindi kile kifupi walichofuatiliwa kansa haikuonekana kurudi zaidi. Ila unasimamisha na dokta wako, sio kujiamulia nyumbani.

Nyota moja nimeinyima kwa ajili ya fomu. Ina swali ukifariki mayai yako yafanyweje, yatupwe, yatumike kwenye utafiti au aamue mwenzio, na mimi nilipewa pale mapokezi asubuhi ileile ya kutolewa mayai, watu wamejaa, hakuna aliyenitayarisha. Hilo swali ni la kukaa na mtu wako mkaongea. Ukienda iombe siku ya kwanza kabisa, uende nayo nyumbani.