Rangi za kuchorea vioo na fanusi 40 za chupa tupu: uzoefu wangu

Binti wa kaka yangu alipoposwa, ombi lake la kwanza kwangu lilihusu usiku wa hina. "Shangazi," aliniambia, "naomba uwanja wote uwe na fanusi za rangi, na zitengenezwe hapa hapa nyumbani." Nilimkubalia siku ile ile. Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, na uwanja wake wa nyuma una mwembe mmoja mkubwa ambao matawi yake yanaweza kubeba fanusi nyingi. Nilipohesabu nafasi za kutundika na meza za wageni nikapata kwamba zingehitajika 40. Kwa muda wa miezi mitano nimekuwa nikizipaka, kuzichoma na kuziwasha, na ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayefikiria kununua rangi za namna niliyotumia mimi.

Kisanduku nilichonunua kina vichupa 12 vya rangi, kila kimoja chenye mililita 25, pamoja na mirija miwili ya rangi nzito ya kuchorea mistari, mmoja mweusi na mwingine wa dhahabu. Ni rangi za maji, zinazopitisha mwanga, ambazo hukazwa kwa moto wa oveni baada ya kukauka. Binamu yangu alininunulia Kariakoo kwa shilingi 45,000 akanitumia kwa basi. Chapa yake siitaji, kwa kuwa visanduku vya aina hii vipo vingi na ninayoyaeleza yanatokana zaidi na asili ya rangi zenyewe kuliko jina lililoandikwa juu yake. Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango, na matokeo yalikuwa chupa iliyozibwa kabisa: mshumaa uliwaka ndani na nje hapakuonekana chochote isipokuwa mdomo wa chupa uking'aa.

Chupa hazikuwa tatizo. Majirani walileta za jamu, za asali, za kahawa na za achari, na mama mmoja anayepika vitafunio akanipa 11 kwa mkupuo. Kazi ilikuwa kuondoa gundi ya karatasi za nembo. Nilizilowesha usiku kucha katika maji ya moto yenye magadi, asubuhi karatasi zikatoka zenyewe, na gundi iliyong'ang'ania nikaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mafuta hayo yakishafanya kazi yake lazima nayo yaondolewe, kwa sabuni kwanza na kisha kwa spiriti, kwa sababu kioo hakina vinyweleo vya kushika rangi na alama moja ya kidole yenye mafuta inatosha kuifanya rangi ikimbie na kuacha duara tupu. Baada ya kuzifuta kwa spiriti nilizishika kwa kuingiza vidole ndani ya mdomo, bila kugusa ubavu tena hadi mwisho.

Uchoraji wenyewe ndio ulionifundisha uvumilivu. Mrija mweusi una ncha nyembamba, na ukiubana kwa mkono uliotulia unatoa uzi wa rangi ulioinuka juu ya kioo kama mshono. Uzi huo ndio ukuta: rangi ya majimaji humiminwa ndani ya mipaka yake na kusambazwa kwa kijiti cha meno hadi iguse kingo zote. Mahali ambapo uzi umekatika, hata kwa upana wa sindano, rangi hupenya na kuingia chumba cha jirani. Mapovu nayo hujitokeza katika kila chumba, na yakiachwa yakauke yanabaki kama matundu meupe pindi taa inapowashwa; nilikuwa nayatoboa moja moja kwa sindano kabla utando haujaanza kushika, yaani ndani ya dakika chache tu.

Jambo ambalo picha za kwenye kisanduku hazionyeshi ni kwamba chupa ni ya mviringo. Picha zinaonyesha kipande cha kioo bapa kilicholazwa mezani, na rangi hukaa ilipowekwa. Kwenye chupa rangi huteremka. Chupa zangu nne za kwanza zilikuwa na rangi nyepesi juu na nzito chini, na katika moja ya hizo nyekundu ilikuwa imejikusanya chini ya kila petali kama matone ya machozi. Tangu hapo nikawa naikunja kanga kuukuu, nalaza chupa juu yake, napaka ubavu mmoja usiozidi robo ya mzunguko, nasubiri saa mbili au tatu, kisha naigeuza. Chupa moja ikawa inachukua siku nzima. Ukiwa na chupa sita au saba kwa pamoja, unapomaliza ya mwisho ile ya kwanza iko tayari kugeuzwa, hivyo mikono haikai bure.

Michoro niliichukua kwenye vitu tunavyoviona kila siku: pindo za kanga na mapambo yake ya korosho, maua ya duara yanayochongwa kwenye fremu za milango ya pwani, na mpangilio wa vioo vya rangi niliouona nikiwa Zanzibar kwenye jengo la zahanati ya zamani linalotazama bandari, lile lililoanzishwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887. Michoro yenye vyumba vidogo vidogo vya upana wa kidole ilipendeza kuliko ile ya vyumba vikubwa, kwa sababu katika chumba kikubwa rangi haikai kwa usawa hata uisambaze namna gani.

Sasa nizungumzie moto, kwa kuwa hapo ndipo nilipopata hasara. Ndani ya kisanduku mna karatasi moja ya maelekezo iliyoandikwa kwa herufi nisizoweza kuzisoma, na mchoro wa oveni wenye namba 160 na 40, maana yake nyuzi 160 za Selsiasi kwa dakika 40. Niliwasha oveni ya jiko la gesi, nikaiacha ipate moto kama ninavyofanya ninapooka keki, kisha nikaingiza chupa sita. Tatu zilipasuka kabla sijafunga mlango vizuri. Moja ilikuwa na kazi ya siku mbili, ua la njano lenye petali 16, na ilikatika kwa mstari mmoja safi kuanzia shingoni hadi kwenye kitako. Niliumia sana. Chupa za jamu ni za kioo cha kawaida. Ukikipeleka ghafla kwenye joto kali, upande wa nje hutanuka kabla wa ndani haujapata moto, na kioo hushindwa kuvumilia mvutano huo. Chupa inatakiwa iingizwe oveni ikiwa baridi, ndipo moto uwashwe, na dakika 40 zihesabiwe kuanzia oveni inapofikia nyuzi 160. Dakika zikiisha moto unazimwa na mlango unaachwa umefungwa mpaka chupa zipoe humo humo, hata ikichukua saa mbili. Karatasi ya maelekezo ingeweza kulionyesha hilo kwa mchoro mmoja zaidi, na kutolionyesha ni kasoro kubwa ninayoihesabu dhidi ya kisanduku hiki.

Oveni yangu haina namba, ina alama ya moto mdogo na mkubwa tu, kwa hiyo nililazimika kununua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni. Nisingependa mtu akadirie kwa mkono. Katika mchomo mmoja niliacha moto upande kupita 190, na rangi ya njano pamoja na ile isiyo na rangi zikageuka za kikahawia kama sukari iliyoanza kuungua. Nyekundu na kijani hazikuonyesha tofauti kubwa. Vilevile chupa zikauke saa 24 kamili kabla ya kuchomwa, na katika majira ya masika, hewa ya hapa ikiwa nzito kwa unyevu, mimi nilizipa saa 48, kwani unyevu uliobaki chini ya utando hugeuka kuwa malengelenge oveni inapopata moto.

Kuna watu watauliza kama mchomo ni wa lazima. Niliziacha fanusi mbili bila kuzichoma, nikazitundika barazani pamoja na mbili zilizochomwa. Baada ya wiki tatu za mvua, zile ambazo hazikuchomwa zilianza kuinuka kingo, na nilipoingiza ukucha chini ya petali moja, petali nzima ilitoka mkononi mwangu ikiwa laini na nzima, kama ganda la kitunguu. Zile zilizochomwa nilizikwaruza kwa ukucha huo huo na hazikutoka kitu. Hata hivyo sizisugui kwa steelwire. Naziosha kwa kitambaa laini na sabuni ya maji.

Lililonishangaza zaidi ya yote ni jinsi rangi zinavyobadilika kulingana na taa. Mchana, dirishani, bluu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, nami nikapaka fanusi tisa ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa bluu. Usiku nilipowasha mishumaa, zikafifia. Bluu ikawa karibu nyeusi na zambarau ikawa kama udongo, ilhali njano, rangi ya chungwa na nyekundu ziliwaka kana kwamba moto uko ndani ya rangi yenyewe. Mwanga wa mshumaa una njano na nyekundu nyingi na bluu kidogo mno, kwa hiyo kioo cha bluu hakina mwanga wa kutosha wa kupitisha. Nilipoziwekea fanusi zile tisa taa ndogo nyeupe za sola badala ya mishumaa, bluu ilirudi kama ilivyokuwa mchana. Tangu hapo kila rangi mpya naipaka kwanza kwenye chupa ya majaribio, nasubiri giza, naiwashia taa ile ile nitakayoitumia, ndipo naamua. Kijani cha kisanduku hiki kinastahili sifa ya pekee, kwani kilibaki kizuri kwa taa zote mbili.

Kwa kutundika nilitumia waya wa kufungia nondo, unaouzwa kwa kilo katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Unazungushwa mara mbili chini ya ukingo wa mdomo, unakazwa kwa plaizi, kisha unapandisha mkono wa fanusi. Mkono huo niliupa urefu wa sentimita 25 kutoka mdomoni, baada ya kuona kwamba mfupi wa sentimita 10 hupata moto kiasi cha kutoshikika. Ndani niliweka mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili ili mshumaa mdogo wa kikombe cha bati ukae wima na kitako cha chupa kisipate moto wa moja kwa moja. Mfuniko hauwekwi, kwa sababu mshumaa unahitaji hewa. Rangi hubaki nje tu, na sentimita moja ya juu karibu na mdomo huachwa tupu, maana hapo ndipo joto linapotokea. Mwembe wetu ulipata fanusi za sola peke yake. Za mishumaa zilikaa mezani, mbali na mapazia na mikono ya watoto, na mmoja wa vijana wetu alipewa kazi ya kuziangalia usiku kucha.

Kuhusu gharama, kisanduku kimoja kilinitosha chupa 26 za ukubwa wa jamu ya kawaida kabla njano na nyekundu hazijaisha, yaani takriban shilingi 1,700 za rangi kwa kila fanusi, bila kuhesabu gesi, spiriti na waya. Ilinibidi ninunue kisanduku cha pili. Humo mrija mweusi ulikuwa umekauka hadi kwenye ncha, na muuzaji alikataa kuubadilisha kwa hoja kwamba kisanduku kilikuwa kimefunguliwa, ingawa hakuna njia ya kuukagua mrija bila kukifungua. Niliimalizia kazi kwa mrija wa dhahabu, ambao mistari yake ni mizuri mchana lakini usiku haizuii mwanga kwa ukali kama mweusi, hivyo michoro ya fanusi 14 za mwisho haionekani kwa uwazi wa zile za kwanza. Anayenunua afungue kisanduku mbele ya muuzaji na kubana kila mrija kidogo kabla ya kulipa.

Pamoja na kasoro hizo, rangi zenyewe naziamini. Usiku wa hina zilipowashwa zote, ukuta mweupe wa uwanja ulijaa vivuli vya maua ya njano na mekundu vilivyokuwa vikitikisika kwa upepo, na mama yangu, ambaye taa yoyote yenye kioo huiita kandili, aliomba kiti chake kisogezwe karibu na ukuta huo akakaa hapo hadi karibu saa sita. Imepita miezi miwili sasa tangu siku hiyo na hakuna fanusi hata moja iliyochomwa vizuri ambayo imebanduka.

Ninaagiza tena wiki hii kwa ajili ya baraza la jirani yangu. Nimeuliza kama vichupa vinauzwa kimoja kimoja, nikaambiwa njano, nyekundu na kijani vinapatikana hivyo, lakini mrija mweusi hauuzwi nje ya kisanduku.