Jeki, bunduki ya nati na tairi ya spea: kipi kinafaa kubebwa kwenye mkondo wa Sleeping Warrior wa Safari Rally

Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, mshindi amempita wa pili kwa sekunde 21.8 mwaka huo, 52.8 mwaka 2022, 6.7 mwaka 2023, dakika 1 na sekunde 37.8 mwaka 2024, na dakika 1 na sekunde 9.9 mwaka 2025. Kubadilisha gurudumu moja katikati ya mkondo, yaani kipande cha barabara kinachopimwa muda, hula takribani dakika mbili hata kwa dereva wa kulipwa, ukihesabu kupunguza mwendo, kufungua mikanda, kazi yenyewe, kujifunga tena na kuondoka. Yaani katika miaka yote hiyo mitano, pancha moja isiyo na dawa ingetosha kumnyang'anya mshindi kombe. Dereva Mfaransa Sébastien Ogier anajua. Mwaka 2022 alikuwa akiongoza Ijumaa, tairi likapasuka kwenye mkondo wa Kedong, akapoteza zaidi ya dakika mbili na kumaliza wa nne.

Kwenye Formula One jambo hili ni la watu wapatao ishirini. Kila gurudumu lina watu watatu na nati moja tu katikati, ndiyo maana McLaren waliweza kumbadilishia Lando Norris matairi yote manne kwa sekunde 1.80 kule Qatar mwaka 2023. Kwenye rally ni wawili, dereva na mwelekezi wake anayemsomea njia, nati tano kwa kila gurudumu, na vifaa walivyobeba garini. Nje ya kituo cha huduma hakuna fundi anayeruhusiwa kugusa gari. Kwa hiyo kile unachofunga nyuma ya kiti asubuhi ndicho "piti" yako, kituo chako cha kubadilishia matairi, hadi jioni, na tathmini hii inahusu vitu hivyo: jeki, bunduki ya nati (mashine ya kufungua na kukaza nati), spea na mikanda yake, kwa dereva wa klabu wa Nakuru au Eldoret anayeendesha Subaru au Mitsubishi Evo ya changarawe, si kwa timu ya kiwanda.

Tuanze na jeki, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari iache nyumbani. Si kwamba ni dhaifu. Tatizo ni sasipensheni. Gari la kawaida ukiliinua kidogo tu, gurudumu liko hewani. Gari la changarawe lina mwendo mrefu wa sasipensheni, sentimita ishirini na zaidi, kwa hiyo bodi inapanda na gurudumu linabaki limelala chini, springi ikilisukuma. Unazungusha ule mkono mpaka jasho likuingie machoni, mkasi unafika mwisho, na tairi bado linagusa ardhi. Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau dukani: tairi unaloliweka limejaa upepo, kwa hiyo ni refu kuliko lile lililopasuka kwa sentimita kadhaa. Nafasi iliyotosha kutoa haitoshi kurudisha.

Jeki ya chupa ya tani mbili inauzwa kila duka la spea mjini Nakuru na ina nguvu za kutosha, lakini ina kasoro tatu. Inalazimu mtu apige magoti na kuingiza mkono chini ya gari kwenye mawe. Mwendo wake wa kuinua ni mfupi, hivyo inabidi uiweke chini ya mkono wa sasipensheni badala ya kizingiti cha mlango, na hapo ukiwa na haraka unaweza kuiweka kwenye paipu ya breki. Ya tatu ni kuilaza. Ikisafiri ubavu kwa saa nzima ya kurushwarushwa, hewa huingia kwenye pampu na mafuta hutafuta njia ya kutoka. Ukiisimamisha unapampu na haipandi. Kama huna nyingine, ifunge ikiwa wima, na pampu mara kadhaa valvu ikiwa wazi kabla ya kuanza siku.

Ya kununua ni jeki ya wima: bomba la chuma lenye sahani chini, mkono mrefu pembeni, na pini inayoingia kwenye tundu lililochomelewa kizingitini. Mtu hufanya kazi akiwa amesimama, anavuta mara chache, na upande mzima wa gari, mbele na nyuma, unapanda. Hii ndiyo inayoshinda ule mwendo wa sasipensheni. Zipo za kuagizwa kutoka nje, za alumini, nyepesi na ghali. Zipo pia za mafundi wa jua kali, za chuma, nzito kidogo na nafuu zaidi. Bei hubadilika na dola, uliza siku unayonunua.

Za jua kali hazina ubaya wowote, mradi uzikague. Angalia sahani ya chini kwanza. Ikiwa ndogo kuliko sentimita 20 kwa 20, itazama Kedong, ambako vumbi ni laini kama unga wa ngano na kina chake hukijui mpaka ukanyage. Hata yenye sahani nzuri ibebee kipande cha plaiwudi cha milimita 18 na upana wa kama sentimita 30. Halafu angalia pini. Ikiwa nyembamba kuliko tundu, gari hulalia upande mara tu linapopanda, pini inapinda, na hapo hata kushusha ni kazi. Fundi anayejua kazi atataka umletee gari, apime tundu, ndipo akate pini. Anayekuuzia ya ukutani bila kuuliza ni gari gani, mpite. Mwisho, weka uzito wote wa gari juu yake pale pale karakanani na uiache dakika tano. Uchomeleaji mbaya hujionyesha kwa ufa mwembamba kwenye kona ya sahani.

Neno moja kuhusu jeki ndefu ya shambani, ile yenye matundu wima na kilo zake 13 hivi. Inainua kila kitu na wenye Land Cruiser wanaipenda. Lakini wakati wa kushusha, mkono wake unaweza kuruka juu kwa nguvu ya kuvunja taya ikiwa hujaushika. Kwa watu wawili waliovaa helmeti wenye haraka na mapigo ya moyo juu, hapana.

Bunduki ya nati ya betri, volti 18, sasa iko kwenye karibu kila gari linalotaka ushindi. Inafungua nati tano kwa muda ambao spana ya msalaba inafungua moja. Tatizo lake ni nguvu. Zile kubwa zinazouzwa kwa sifa hufikia Nm 1000 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na nati za Impreza au Evo zinataka takribani Nm 100. Ukivuta triga hadi mwisho kwenye kasi ya juu, stadi, ile bolti ya habu inayoshika nati, inakatika au inavutika, na stadi iliyovutika hulegea yenyewe kilomita kumi baadaye. Nunua yenye ngazi tatu za nguvu. Fungua kwa ya juu, funga kwa ya chini, mguso mfupi kwa kila nati kwa mpangilio wa nyota, yaani ukiruka kila mara hadi nati ya upande wa pili, kisha malizia kwa spana yenye kipimo mkifika barabara ya kuunganisha mikondo. Kama bajeti inaruhusu ya wastani tu, ya Nm 400 hivi inatosha, mradi nati hazikukazwa na mtu mwenye hasira.

Soketi iwe ya kuhimili bunduki, nyeusi, ndefu, yenye kuta nyembamba. Subaru ni milimita 19, Evo ni 21. Usinunue ya kung'aa, hupasuka. Na hapa kuna mtego wa maduka yetu ya spea: nati huwekwa kopo moja. Stadi ya Subaru ni M12 (unene wa milimita 12) yenye uzi wa 1.25, ya Mitsubishi na Toyota ni M12 yenye uzi wa 1.5. Nati ya Toyota huingia kwenye stadi ya Subaru mizunguko miwili mitatu, inakubali vizuri tu, halafu inakwama. Mwenye bunduki mkononi hataona tofauti mpaka uzi umeliwa. Nunua nati ukiwa na stadi yako mfukoni, zizungushe zote kwa vidole hadi mwisho, na uangalie pia kikalio: rimu nyingi zinataka nati yenye koni, na baadhi ya nati za Toyota zina kikalio bapa na washa. Beba nati sita za akiba.

Ukiweza, badilisha stadi za kiwandani uweke ndefu zenye ncha iliyochongoka kama risasi. Kazi ya gharama ndogo, na gurudumu lenye uzito wa kilo ishirini na zaidi linakaa lenyewe huku ukitafuta nati ya kwanza.

Spea moja au mbili? Gari linaruhusiwa kubeba mbili, na hapa ndipo mkakati unapofanana na wa Formula One kwa karibu zaidi: unalipa kitu hakika, uzito nyuma ya ekseli, ili kujikinga na kitu cha kubahatisha. Kwenye mikondo mifupi ya klabu, moja. Kwenye mzunguko wenye Sleeping Warrior, mkondo mrefu, pamoja na Elmenteita na Soysambu kabla ya kurudi kituoni Naivasha, mbili bila mjadala. Mawe ya huko hukata ubavu wa tairi, hayatoboi usoni. Pancha ya kawaida inatokana na rimu kulibana tairi dhidi ya jiwe, na mara nyingi jiwe hilo limefukuliwa na gari lililotangulia upande wa ndani wa kona, pale magari yanapokata. Mousse, lile povu lililokuwa likijazwa ndani ya tairi ili liendelee kubeba gari, lilipigwa marufuku kwenye ubingwa wa dunia tangu 2008. Kuongeza upepo kidogo, psi mbili hivi, husaidia dhidi ya kubanwa, lakini hupunguza mshiko. Anayetangulia wote kwenye barabara yenye vumbi ataumia zaidi kwa chaguo hilo kuliko anayeondoka wa kumi.

Mikanda ya kufungia spea ndiyo sehemu dhaifu ya seti nyingi tulizoziona zikiuzwa kamili. Rachet ya lori hujaa vumbi na kukwama. Tafuta ya kufunguka kwa kuvuta mara moja, na ijaribu ukiwa umeimwagia vumbi kwa makusudi.

Sasa matumizi. Chagua mahali pagumu, pa tambarare, pasipo nyuma ya kona. Gia ya kwanza, breki ya mkono. Mwelekezi anaweka pembetatu angalau mita 50 nyuma na kuonyesha kibao cha OK kwa magari yanayofuata. Dereva anatoa jeki na bunduki. Legeza nati nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini, ndipo uinue. Toa, futa udongo usoni mwa habu kwa kiganja (jiwe dogo lililobaki hapo ndilo hulegeza nati zote), weka spea, anza nati mbili kwa vidole, bunduki, shusha, nyota tena. Gurudumu lililokufa lazima lifungwe kama lile zima. Likiruka ndani ya gari kwenye tuta la kwanza litaponda kichwa cha mtu.

Kama kusimama kunafaa, hiyo ni hesabu, si ujasiri. Tuseme kuendesha juu ya pancha kunakupotezea sekunde 15 kwa kilomita, na kubadilisha kunakugharimu 120. Zikibaki kilomita zaidi ya nane, simama. Zikibaki chini ya hapo, endelea polepole na ubadilishe barabara ya kuunganisha, ambako muda ukitosha hulipi chochote, na ukichelewa kituo cha muda unatozwa sekunde 10 kwa kila dakika. Hesabu hii inaharibika pale mpira unapoanza kupasuka vipande na kupiga ndani ya fenda. Huko kuna paipu ya breki na nyaya. Mwelekezi akisikia mlio huo wa kupigapiga upande wa gurudumu la mbele, asingoje kuhesabu kilomita.

Betri ya bunduki iondolewe kwenye chaji asubuhi ikiwa imejaa na isiachwe juani juu ya dashibodi. Iliyopata joto kali hujizima yenyewe baada ya nati ya tatu, kwa hiyo spana ya kawaida yenye mkono wa sentimita 60 ibaki garini, imefungwa mahali mkono unapofika bila kuinama.