Sanduku la Dorade la mvule: mbao nzuri, godoro limelowa

Niwape haki yao mafundi walioniuzia sanduku hili kabla hasira haijapanda. Mvule ni halisi na umekauka, pembe zimeshikana meno kwa meno, vanishi haina mapovu hata moja. Kwa useremala peke yake ningewapa nyota nne. Lakini hiki si kijaluba cha sindano. Kimeuzwa kwa jina la sanduku la Dorade, yaani la kuingiza hewa chumbani mwa mashua na kuyaacha maji nje, na kazi hiyo hakiifanyi. Wimbi la kwanza la kusi lililopanda omo, mbele ya chombo, liliingia kwenye tarumbeta ya hewa, yaani lile bomba la mdomo mpana lililo juu ya sanduku, likapita sandukuni, likamwagika juu ya godoro.

Nikawapigia simu. Jibu: "Bosi, hilo ni boksi la hewa. Palipopita hewa, maji nayo yatapita tu." Kisha simu ikakatwa.

Hilo godoro lingekauka na ningenyamaza. Jibu hilo ndilo lililonikera, kwa sababu kama hewa na maji lazima vipite pamoja, sanduku hili halina sababu ya kuwepo duniani. Tarumbeta ingetobolewa sitahani moja kwa moja, mambo yakaisha. Anayeuza kitu kwa jina la Dorade ajue jina limetoka wapi.

Dorade ni yoti, mashua ya matanga ya mashindano, ya mbao iliyochorwa na Olin Stephens mwaka 1929, akiwa kijana wa miaka 21. Iliundwa City Island, New York, ikashushwa majini 1930. Urefu wake futi 52, upana futi 10 na inchi 3 tu, nyembamba mno, na ikienda na upepo wa tezi, yaani wa nyuma, hulala huku ikilalia kule mpaka imejipatia sifa kwa hilo. Mwaka 1931 ilishindana kuvuka Atlantiki kutoka Newport, Marekani, hadi Plymouth, Uingereza, ikamaliza kwa siku 17 na kidogo, ikaiacha iliyofuata kwa takriban siku mbili. Mwaka huohuo ikashinda mbio za Fastnet za Uingereza, ikarudia 1933. Mwaka 1936 ikashinda mbio za kutoka California hadi Hawaii, na 2013, miaka 77 baadaye, ikashinda tena mbio hizohizo. Chombo cha namna hiyo hunywa mawimbi usiku na mchana, na watu wanaolala chini wanahitaji hewa. Rod Stephens, mdogo wake Olin, ndiye aliyelitatua tatizo hilo kwa sanduku hili. Mataji yamebaki kwa Dorade, lakini sanduku limesambaa kwenye vyombo vya dunia nzima.

Na siri yake ni ndogo kiasi cha kuuma roho. Tarumbeta hukaa juu ya ncha moja ya sanduku, na bomba la kushuka chumbani hukaa ncha ya pili, si chini ya tarumbeta. Bomba hilo husimama ndani ya sanduku, inchi tatu hivi juu ya sitaha. Maji mazito huanguka sakafuni na kutoka kwa vitundu vya pembeni. Hewa nyepesi huinuka, hupita juu ya mdomo wa bomba na kushuka. Wengine huongeza kiwambo katikati. Basi.

Sasa tazama walichofanya. Bomba limekatwa sawa na sitaha. Tundu la kutolea maji ni moja tu, katikati ya ubao wa nyuma, nusu inchi juu ya sakafu. Kwa hiyo mdomo wa bomba uko chini kuliko tundu, na maji yanakuta njia ya chumbani kabla ya njia ya baharini! Hata bomba lingekuwa refu, tundu la katikati halitoshi: chombo kikilala, maji yote hukimbilia demani, upande ulioinama, na kutuama pale. Skurubu ni za chuma cha kawaida, tayari zimetoa madoa ya kutu. Gundi ya kuzibia imepakwa kwa nje tu, chini ya sanduku hakuna kitu.

Uzuri ni kwamba linarekebishika, ndiyo maana sisemi msinunue kabisa. Ng'oa kifuniko, chomeka kipande cha bomba la plastiki kiinuke inchi tatu. Kati ya mdomo wake na kifuniko acha nafasi isiyopungua robo ya kipenyo cha bomba, la sivyo umeibana hewa. Kwa bomba la inchi nne, nafasi ya inchi moja ndiyo ya chini kabisa. Ziba tundu lao kwa kigingi cha mvule na epoksi. Toboa mengine ya nusu inchi, kulia na kushoto, kwenye pembe za chini, sawasawa na sitaha, kisha upake epoksi ndani ya matundu mbao isioze. Kalisha sanduku juu ya gundi ya baharini iliyotandazwa chini yake yote, na skurubu ziwe za shaba nyeusi. Mimina ndoo ya lita ishirini taratibu kwenye tarumbeta, na urudie chombo kikiwa kimelazwa upande. Bahari ikichafuka kweli, geuza tarumbeta itazame tezi au ziba bomba kutoka chini, maana wimbi zima likijaza sanduku hakuna kitakachosaidia.

Baada ya marekebisho, ndoo nzima ilitoka pembeni na chini hakukudondoka tone, huku upepo ukiingia vizuri. Nikakaribia kubadilisha nyota ziwe nne. Lakini kazi hiyo si yao, hawakugusa hata msumari, kwa hiyo ni mbili. Na sanduku la pili, nililokwisha kulilipia, bado liko kwao. Nimewapelekea mchoro wenye vipimo vyote. Nimejibiwa kwamba litakatwa kama la kwanza.