Fantomu ya NEMA NU 4 kwa PET ya panya: inafaa kununuliwa, ila ijazwe kwa makini

Usinunue mashine ya PET (inayopiga picha ya dawa ya mionzi ndani ya mwili) ya wanyama wadogo kwa kutazama picha ya panya kwenye kipeperushi. Dai picha ya fantomu hii, yaani kifaa cha majaribio kinachojazwa maji yenye mionzi badala ya panya, pamoja na namba zake.

Ni silinda ya akriliki yenye urefu wa milimita 50 na kipenyo cha milimita 30 kwa ndani, sawa na kiwiliwili cha panya mdogo. Wanaopiga picha panya wakubwa watafute nyingine. Ina chumba kikuu, vijia vitano vya kipenyo cha milimita 1, 2, 3, 4 na 5, na vyumba viwili vidogo kwenye kifuniko: kimoja cha maji matupu, kingine cha hewa. Utaratibu wa NEMA NU 4 wa 2008, kipimo sanifu cha mashine hizi, unataka megabekereli 3.7 za F-18 (florini yenye mionzi) na dakika 20 za kupiga picha.

Ugumu uko kwenye kujaza. Kijia cha milimita 1 hukamata kiputo cha hewa kirahisi mno, na kiputo kikikaa katikati, usomaji unashuka ukadhani mashine ndiyo mbovu. Chemsha maji, yapoe, ndipo uchanganye dawa ya mionzi na tone la rangi ya chakula ili uone ndani. Anza na kijia hicho: fikisha sindano ndefu nyembamba hadi chini, sukuma polepole huku ukiivuta juu. Kagua pete ya mpira ya kifuniko kabla ya kukaza skrubu, maana uvujaji ukiingia kwenye kitanda cha mashine utachafua vipimo vya siku nzima.

Pima mionzi ya bomba la sindano kwa kipima dozi kabla na baada ya kujaza. Saa ya kipima dozi hicho ikipishana na ya mashine kwa dakika 5, kiwango cha mionzi kinapotoka kwa takriban asilimia 3. Uwiano wa vijia (usomaji wa kijia ukigawanywa kwa wastani wa chumba kikuu) hautaguswa, kwa sababu namba zote mbili zinatoka picha ileile. Kitakachoharibika ni urekebishaji wa mashine, yaani kugeuza usomaji wake kuwa kiwango halisi cha mionzi.

Kwenye matokeo, tusidanganywe na kijia cha milimita 1. Ukiongeza mizunguko ya ukokotoaji, yaani hesabu za kompyuta zinazounda picha, namba yake inapanda, lakini chembechembe (kelele ya picha) kwenye chumba kikuu nazo zinapanda. Tena usomaji unachukua pikseli yenye thamani ya juu kabisa, kwa hiyo kelele yenyewe inaweza kuupandisha. Muuzaji akikuonyesha namba ya vijia bila namba ya usawa wa picha katika chumba kikuu, mwambie alete zote mbili kutoka ukokotoaji mmoja. Chumba cha hewa kikionekana na mionzi mingi, anza kuchunguza marekebisho ya mtawanyiko, yaani ya miale iliyopinda njiani na kusomwa mahali pasipo pake.

Upungufu wake mkubwa: vijia vimezungukwa na akriliki isiyo na mionzi, ilhali uvimbe ndani ya panya umezungukwa na nyama yenye mionzi. Uvimbe mdogo utaonekana hafifu kuliko kijia cha ukubwa uleule. Na usiisafishe kwa spiriti, akriliki hupasuka nyufa, maji yanatosha.