Zana za kuchonga mistari ya ndege za plastiki: papasa kingo kwanza

Karibu kila bawa la ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha ninaloletewa hapa Chumbageni, Tanga, nilitazame lina ugonjwa uleule. Mstari unaoigiza maungio ya bati za ndege halisi umenyooka, kina kinatosha, lakini pitisha ukucha: unakwama. Huku na huku ya mfereji plastiki imeinuka. Mwenye ndege analaumu rangi. "Dada, rangi ya mistari (ile nyepesi ya kujaza mfereji) inaganda pembeni, haishuki." Rangi haina kosa, kosa ni la zana, na hilo wauzaji hawaligusi kabisa. Watakusifia mpini na kikasha.

Zana hizi ama zinasukuma plastiki, ama zinaiondoa. Inayosukuma inapasua katikati na kuacha matuta kama ya viazi. Inayoondoa inakwangua, na ukiivuta utaona unyuzi mwembamba wa plastiki ukijikunja kwenye ncha. Ijaribu kwenye kipande cha kutupa kabla hujalipa. Ukiona unyuzi, chukua. Ukiona tuta, mrudishie mwenyewe.

Mnaoniona nasumbua, pigeni hesabu. Kwenye kipimo cha 1/72, yaani ndege iliyopunguzwa mara 72, mstari wa milimita 0.1 ni sawa na milimita 7.2 kwenye ndege halisi. Nenda uwanja wetu wa ndege Tanga, itazame Cessna Caravan: bati na bati vimekaribiana hasa, hakuna ufa wa kuingiza kidole. Sasa mfereji wako umeshazidi, halafu uuongezee na tuta kila upande?

Namba moja kwangu ni BMC ya Kijapani, na sifichi upendeleo wangu. Ncha yake ni ya tungsteni kabidi, bapa, inakwangua mfereji wenye kingo safi. Inauzwa kwa upana: chukua 0.1 kwa 1/72, na 0.15 kwa 1/48. Kwetu pwani ina faida nyingine, hewa ya chumvi haiili kama inavyokula chuma cha kawaida. Ubaya wake ni kwamba haina msamaha. Ikidondoka kwenye sakafu ya saruji, au ukiibinya kwa ubavu, ncha imekwenda. Ivute taratibu, mara nyingi, bila kukandamiza, ikiegemea tepu ngumu ya lebo kama ya Dymo. Tepu laini ya kuzibia rangi inahama, na ncha inahama nayo.

Inayofuata ni kisu cha ndoano, cha Tamiya au cha Olfa. Nacho kinatoa unyuzi, na wembe ukiisha unabadilisha wembe tu. Mstari wake ni mnene kidogo, kwa hiyo nakitumia kwenye ndege za 1/48 na zilizo kubwa zaidi, na kwenye milango. Kipake mafuta ya cherehani ukimaliza kazi, la sivyo kutu itakukuta.

Sindano ya kawaida kutoka Ngamiani, hapahapa mjini, iliyobanwa kwenye mpini? Inalima matuta. Unaweza kuyalaza kwa msasa laini wa maji, lakini ribiti (vichwa vya misumari ya bati) zilizo jirani nazo zitaondoka. Gurudumu la kuchapa ribiti tutaliongea siku nyingine, ugonjwa wake ni huohuo.

Sasa bei. Unaona tangazo la zana, picha nzuri, halafu "bei njoo inbox". Kwa nini? Ukifika inbox unaulizwa kwanza uko mkoa gani! Ukisema Tanga, bei inapanda hata kabla ya nauli ya basi kutajwa. Muuzaji mmoja wa Dar aliniapia "OG hii dada", mzigo ukafika kwenye kikasha kilichofanana kila kitu na cha kweli, ila hakikuandikwa upana popote. Nikaijaribu: tuta huku, tuta huku. Kurudishiwa hela ikawa hadithi ya kesho na keshokutwa.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti, muulize ncha ina milimita ngapi, na akurekodie video fupi akiivuta kwenye plastiki. Akikujibu "ni saizi ya kawaida", mwache na inbox yake.