Kompyuta Yangu ya Kwanza ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Uzoefu Wangu wa Kuchagua Vipuri Nairobi

Katika maduka ya kompyuta ya katikati ya jiji, Luthuli Avenue na mitaa ya jirani, mashine huuzwa kwa jina la prosesa. Hujauliza lolote, muuzaji ameshakuambia, "Hii ni i7, bosi wangu," na bei nzima imejengwa juu ya herufi hiyo na tarakimu yake. Nimeunda kompyuta yangu ya kwanza ya gemu kwa bajeti ya shilingi 80,000, skrini ikiwa ndani ya hesabu hiyo, na nimeitumia kwa muda wa kutosha kusema kwamba jina hilo ndilo lililonisaidia kidogo kuliko mengine yote. Anayepeleka gemu ni kadi ya grafiki, anayeiweka hai ni pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na prosesa kazi yake ni kutoichelewesha kadi.

Nianze na hiyo i7 yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayowanasa wengi. Kompyuta nyingi za ofisi ziitwazo Ex-UK, yaani mitumba kutoka Uingereza, zina prosesa kama Core i7-4770, ya mwaka 2013, yenye viini vinne (sehemu zinazofanya hesabu) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa wakati mmoja). Core i3-12100F, iliyotoka mwanzoni mwa 2022, nayo ina viini vinne na nyuzi nane, lakini kila kiini chake hufanya kazi kubwa zaidi katika muda uleule, na inatumia RAM ya DDR4 au DDR5 badala ya DDR3 ya zamani. Kwenye gemu, i3 hiyo ndogo huiacha i7 hiyo nyuma kwa mbali. Tarakimu za kwanza baada ya kistari ndizo zinazotaja kizazi: 4770 ni kizazi cha nne, 12100 ni kizazi cha kumi na mbili. Muuzaji asipotaja kizazi, mwulize. Akijibu tena kwamba ni i7, nenda duka la pili.

Sikuidharau njia ya kununua mashine ya Ex-UK na kuiongezea kadi, kwa sababu kwa bei yake ni vigumu kupata kasha, ubao mama, prosesa na diski kwa pamoja. Tatizo ni pale unapotaka kuikuza. Yale makasha membamba hayapokei kadi ya kimo cha kawaida, na hata katika makasha makubwa zaidi, kama ya Dell OptiPlex 9020, pawa saplai ni ya wati 290, na waya wake wa kuingia kwenye ubao mama una pini nane badala ya zile 24 za kawaida, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kwa nyingine yoyote ya dukani bila kutafuta kiunganishi cha kati. Unabaki na kadi zinazokunywa umeme wote kutoka kwenye tundu la ubao, yaani wati 75, kama baadhi ya matoleo ya GTX 1650 yenye GB 4. Isitoshe, Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, na Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Gemu kama Valorant nazo, zikiwa kwenye Windows 11, hudai TPM 2.0 na Secure Boot (vipengele vya usalama vya kompyuta mpya) kabla hazijafunguka. Kwa anayetaka GTA V na gemu nyingine za miaka hiyo, mashine ya Ex-UK yenye GTX 1650 inamtosha kabisa. Mimi nilitaka kitu ambacho kingekubali vipuri vipya mwaka ujao na mwaka utakaofuata.

Uchaguzi wangu ulianzia kwenye skrini. Nilichukua skrini ya mtumba ya inchi 24, ya 1080p (pikseli 1920 kwa 1080) na hezi 75, yaani fremu au picha 75 kwa sekunde, na uamuzi huo peke yake ukaondoa nusu ya maswali yaliyobaki. Kadi inayoweza kusukuma fremu 200 kwa sekunde haina maana mbele ya skrini inayoonyesha 75, na fedha za skrini kali zaidi ya 1440p nisingezipata kwa vyovyote. Kwa hiyo nilihitaji kadi ya 1080p yenye GB 8 za kumbukumbu yake yenyewe, kwa kuwa gemu za siku hizi huzijaza GB 4 upesi, na zikishajaa picha huanza kukatakata hata kama fremu ulizokuwa nazo zilikuwa nyingi.

Jibu lilikuwa Radeon RX 6600, kadi ya Oktoba 2021, ambayo nilinunua ikiwa imetumika na ikachukua karibu theluthi ya bajeti yote. Ina GB 8 za GDDR6, inatumia wati 132 hivi, na inataka waya mmoja tu wa pini nane kutoka kwenye pawa saplai. Niliitazama pia RX 580, ambayo ilikuwa rahisi zaidi, lakini hiyo hula wati 185 na iko sokoni tangu 2017. Nyingi kati ya zile za mtumba zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha uchimbaji wa aina hiyo na wachimbaji wakazimwaga sokoni. Kadi ya uchimbaji si lazima iwe mbovu. Kinachochakaa kwanza ni feni na gundi ya joto, ambavyo fundi hubadilisha bila shida. Linaloniudhi zaidi ni kwamba kuna kadi zinazoitwa RX 580 zenye vitengo 2048 vya uchakataji badala ya 2304, na kibandiko cha nje hakikuonyeshi tofauti hiyo.

Hapa ndipo ninapomshauri msomaji asiharakishwe. Nilimwomba muuzaji aiweke kadi kwenye mashine yake ya majaribio, nikafungua programu ya GPU-Z kutoka kwenye flashi yangu na kusoma mistari mitatu: vitengo 1792, GB 8 za GDDR6, na upana wa njia ya kumbukumbu wa biti 128. Zote zililingana na RX 6600 halisi. Programu hiyo pia hutambua kadi nyingi za zamani zilizoandikwa upya BIOS yake (programu ya ndani ya kifaa) ili zijitangaze kwa jina la kadi mpya, na ikizitambua huweka neno la onyo kando ya jina. Kisha tukaiendesha FurMark, programu ya kuichosha kadi kwa makusudi, huku nikitazama joto likipanda na kutulia, nikasogeza sikio kwenye feni, ambazo zilizunguka bila kukwaruza. Muuzaji alicheka kidogo, akaniambia, "Wewe si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ndugu yangu," lakini hakukataa. Nililipa kwa M-Pesa baada ya namba ya utambulisho (serial number) iliyo nyuma ya kadi kuandikwa kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana. Duka jingine nililopita kabla ya hapo lilikataa kuiwasha kadi kabla ya malipo, na hilo lilinitosha kuondoka.

Kwa prosesa nilichukua hiyo Core i3-12100F mpya, pamoja na ubao mama wa H610 wa DDR4. Herufi F ina maana kwamba prosesa haina grafiki yake ya ndani; kadi ikiharibika, skrini inabaki nyeusi hadi upate nyingine. Kwa mtu ambaye fedha zake hazijatimia, Ryzen 5 5600G ni njia ya busara zaidi, kwa sababu ina viini sita na grafiki ya ndani inayoweza gemu nyepesi huku ukiendelea kuweka akiba ya kadi. Mimi fedha za kadi nilikuwa nazo, na 5600G ukishaiongezea kadi inapitwa na ndugu yake Ryzen 5 5600, kwa kuwa kumbukumbu yake ya haraka ya ndani (L3) ni MB 16 dhidi ya 32.

Pawa saplai ndiyo sehemu ambayo wauzaji walinishangaa nilipoisisitizia. Makasha mengi ya bei nafuu huuzwa yakiwa na pawa saplai ndani, imeandikwa wati 500 au 600 kwa herufi kubwa. Igeuze usome jedwali dogo ubavuni. Prosesa na kadi hula kwenye mstari wa volti 12, kwa hiyo ukikuta mstari huo unatoa ampea 20, hesabu ni 12 mara 20, yaani wati 240, hata kama nje pameandikwa 600. Kadi yangu na prosesa yangu zikishika kasi pamoja zinakaribia wati 220, kabla hujahesabu feni na diski. Pawa saplai kama hiyo ingekuwa inahema kila ninapofungua gemu. Nilinunua mpya ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze, lakini alama hiyo ina maana ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwani inaeleza tu umeme kiasi gani unafika kwenye vipuri bila kupotea kama joto. Ulinzi dhidi ya mkondo kuzidi huandikwa mahali pengine kwenye kartoni, na ndio wa kutafuta. Anayenunua pawa saplai ya mtumba atazame pia kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230 nyuma. Umeme wetu ni wa volti 240, na ikiwashwa ikiwa kwenye 115 italipuka hapohapo.

Stima kwetu hupotea na kurudi kwa kishindo, kwa hiyo kati ya ukuta na kompyuta nimeweka kifaa cha kulinda volti kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, niliiahirisha. Zile ndogo za VA 650 mara nyingi hutoa chini ya wati 400, nazo zinatosha kukupa nafasi ya kuhifadhi na kuzima, wala si kumaliza mechi.

RAM ni DDR4 ya GB 16, vipande viwili vya GB 8, ili njia zote mbili za kumbukumbu zifanye kazi. Kipande kimoja cha GB 16 kingepunguza fremu bila kunipunguzia bei ya maana. Siku ya kwanza Windows iliniambia kwamba inakwenda kwa kasi ya 2666 ilhali nilinunua ya 3200. Hakuna kilichoharibika: niliingia kwenye BIOS, nikawasha XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili), nikahifadhi, na kompyuta ikawaka kwa 3200. Nimekutana na watu waliocheza mwaka mzima bila kulijua hilo.

Diski ni SSD ya NVMe ya GB 500, na ndiyo itakayonishinda kwanza, maana GTA V pekee inachukua zaidi ya GB 100. Kasha nilichagua lenye wavu mbele na kichujio cha vumbi kinachotoka, kwa kuwa barabara ya mtaani kwetu haina lami. Feni iliyokuja na prosesa inatosha. Nairobi si Mombasa, na mwezi wa Julai chumba kinapoza mashine chenyewe.

Katika matumizi, GTA V na EA Sports FC hukaa juu ya fremu 60 kwa mipangilio ya juu bila kutikisika, na Valorant huipita skrini yangu kwa mbali. Udhaifu hujitokeza katika gemu za miji mikubwa yenye umati, ambapo viini vinne hufika mwisho wa nguvu zake huku kadi ikiwa bado na nafasi, na picha husita nusu sekunde unapokata kona kwa kasi. Nikipata fedha nitaweka Core i5-12400F yenye viini sita, ambayo inaingia kwenye tundu lilelile la LGA 1700 bila kubadilisha kitu kingine. Ubao wa H610 una nafasi mbili tu za RAM, zote zimejaa, hivyo kuongeza kumbukumbu kutamaanisha kuuza vipande nilivyonavyo. Anayehariri video au kurusha gemu mubashara aanzie kwenye viini sita moja kwa moja, hata kama itamlazimu kungoja mwezi mmoja zaidi.